Jioni Mjomba Kibwana Aliposhinda

Mafuta ya mgando hayana harufu, ndivyo wanavyodai wanaoyatengeneza. Waongo. Mimi nikifungua kopo lake asubuhi ili nimpake mwanangu usoni kabla hajatoka kwenda shule, na baridi hii ya Stratford inavyochuna ngozi kama kuku wa sikukuu, ananijia Mjomba Kibwana mzima mzima: jasho lililokauka, ngozi ya glavu, dawa ya kuchua yenye karafuu, na chini ya vyote mafuta yenyewe, aliyopakwa kwenye nyusi ili ngumi ziteleze. Mwanangu hulalamika, kwa Kiingereza, kwamba anang'aa mno. Namwambia ashukuru. Katika ukoo wetu yuko mtu aliyepakwa mafuta haya mengi kuliko watoto wote wa Afrika Mashariki wakijumlishwa, na hakuwa akienda shule.

Mjomba Kibwana ni mdogo wake Mama. Walikuja Uingereza kutoka Tanga pamoja, yeye akiwa bado wa kaptura, na kwa kuwa mama yao alikwishafariki, Mama ndiye aliyemlea. Alimfulia, alimlisha, alimchapa, alimwamsha aende shule. Mjomba alipokua akawa bondia wa kulipwa mwenye leseni ya nchi hii, akitangazwa ulingoni kuwa ni mtu wa London ya Mashariki. Aliishi nasi kwenye fleti ya ghorofa ya nne na kulala juu ya sofa lililokuwa limeshika umbo lake kiasi kwamba hata akisafiri ungedhani bado yupo, amejifunika tu.

Sasa bondia huyu, ndugu zangu, alikuwa na tabia moja iliyonitesa mimi binti wa miaka tisa. Alikuwa akishindwa. Sisemi mara moja moja. Alishindwa Doncaster, akashindwa Swansea, Glasgow alishindwa mpaka wakamzoea. Kama kungekuwa na ulingo mwezini, angepanda basi la usiku akaenda kushindwa huko, na Jumapili asubuhi angekuwa jikoni kwetu anauliza chai iko wapi. Na alirudi akipiga mluzi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Shuleni mtu akishindwa hata kuruka kamba hulia. Huyu alikuja na jicho limevimba kama embe bolibo, akapiga mluzi.

Kazi yake iliingia kwa simu. Alhamisi, pengine Ijumaa, alipiga Mister Ron, mzee wa Kizungu mwenye sauti ya kokoto, ambaye riziki yake ilikuwa kupanga mapambano. Kulikuwa na kijana mahali fulani anayeanza ngumi, amewauzia tiketi shangazi zake, kinyozi wake na wenzake wote wa kazini, na sasa alihitajiwa mtu wa kupigana naye. Mjomba alikwenda. Alikaa kona ya mgeni, akazomewa kidogo, wakapigana raundi nne, na refa, ambaye katika mapambano madogo ya huku huhesabu pointi peke yake, akainua mkono wa kijana. Shangazi wakafurahi. Mjomba akavaa koti lake, akarudi kusubiri simu nyingine. Hakuijua wala kuipenda kazi nyingine yoyote. Aliwahi kujaribu ghala moja kule Hayes, kupakua maboksi, akarudi jioni ya kwanza amenyamaza kama redio iliyoisha betri. Mama akamwambia asirudi tena.

Lakini Mama naye hakuielewa kazi ile. Kwa akili yake, mdogo wake alikuwa akidhulumiwa, na alijua kwa nini.

“Mcheza kwao hutunzwa,” alisema, huku akikanda unga wa chapati kana kwamba unga ndio refa. “Wewe kila siku unacheza kwa watu. Nani atakutunza?”

“Dada, ndiyo kazi yenyewe.”

“Kazi gani mtu haendi hata na ndugu mmoja? Hata maiti husindikizwa.”

Mjomba akacheka, akaomba chapati ya kwanza itakayotoka. Alikuwa na sharti moja tu kwetu, nalo lilikuwa la miaka: tusije kumwangalia. Alisema kumbi zile zina baridi.

Basi ikatokea wiki moja kwamba hakufunga begi. Mama akamuuliza mbona, akasema pambano la Jumamosi ni hapa karibu, kwenye ukumbi mmoja wa zamani, mwendo wa kituo kimoja cha treni. Alipoyatamka hayo tu nikamwona Mama anaacha kufuta meza. Mjomba alipokwenda kuoga, Mama alishachukua simu na kumpigia Mama Furaha.

Mama Furaha alikuwa Mkongo wa Bukavu, mfanyakazi mwenzake Mama kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kiongozi wa kwaya ya kanisa lao. Alikuja jioni hiyo hiyo, akakaa kwenye sofa la Mjomba, akasikiliza habari yote.

“Dada, uyo mutoto banamupiga juu iko peke yake,” akasema. “Tutaenda na kwaya.”

“Kwaya kwenye ngumi?”

“Na kuta za Yeriko ziliangushwa na nini?”

Mama, mtu wa msala na tasbihi, alifikiri kidogo, akaona hoja ina uzito. Tiketi wakazipata kwa kijana yuleyule aliyepangwa kupigana na Mjomba. Alikuwa fundi bomba, mpole mno, akazileta mwenyewe mpaka mlangoni pa nyumba ya wazee na kuwashukuru akina mama kwa kumuunga mkono. Mama akamjibu, “Karibu, baba,” akampa na sambusa.

Jumamosi tukaingia ukumbini saa kumi na mbili jioni, wanawake wa kujaza safu mbili, na mimi katikati yao kama njugu ndani ya ganda. Ukumbi ulinuka soseji na rangi ya zamani, na baridi kweli ilikuwepo. Mapambano ya mwanzo hayana watu. Mashabiki wa fundi bomba walikuwa bado baa, wanajipanga. Kwa hiyo Mjomba alipotoka, mafuta yanametameta kwenye nyusi, hapakuwa na wa kumzomea. Kulikuwa na sisi. Vigelegele vilipasuka, naapa taa zilitikisika, na mlinzi mmoja akashika redio yake akidhani ni kengele ya moto. Kwaya ikaingia kwa sauti nne.

Mjomba akatugeukia. Nilitarajia tabasamu. Alikuwa na uso wa mtu aliyekutana na mwalimu wake mahali ambapo hakutaka kukutana naye.

Raundi ya kwanza alifanya alivyozoea. Leo nikikumbuka naona ulikuwa ufundi wa hali ya juu: alijikunja, akaegemea, akamkumbatia kijana kila alipochoka, akaziacha ngumi zimwangukie mikononi na mabegani, mahali pasipouma. Kijana alionekana bingwa. Mimi niliona mjomba wangu anapigwa tu. Ya pili ikawa vilevile. Kengele ilipolia, Mama akasimama, akapanga kanga yake begani, na kabla mlinzi hajajua la kufanya, alikuwa ameshafika chini ya kona ya mgeni. Hakupaza sauti. Aliongea kama aongeavyo sebuleni.

“Kibwana. Mtoto wa watu anakupiga, na wewe unamtazama. Mimi nilikulea hivyo?”

Mjomba akatoa mpira wa meno. “Dada, nenda ukakae.”

“Nitakaa nikikuona umesimama.”

Mlinzi akamrudisha kwa adabu, amemshika kiwiko. Lakini hakukaa. Alisimama pale kwenye safu yetu, mikono kifuani, na Mjomba alikuwa akimwona kila alipogeuka.

Kilichofuata kilikuwa kidogo sana, na nimekisimulia kwa ukubwa maisha yangu yote. Katikati ya raundi ya tatu Mjomba alipiga hatua moja pembeni na kumgusa kijana ubavuni kwa ngumi fupi, fupi kama ya mtu anayebisha hodi. Fundi bomba akakaa chini. Akakaa taratibu, na uso wa mshangao, kama mtu anayesubiri basi aliyeambiwa limefutwa. Akainuka huku refa akihesabu, akamaliza pambano kwa miguu yake, lakini kukaa kule kulimgharimu pointi. Mwisho refa akainua mkono wa mjomba wangu.

Hapo tukasahau tuko nchi gani. Kule kwetu mtu akicheza vizuri hutunzwa, na kwa akina Mama Furaha vilevile, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza mwenzake. Walimfuata hadi kwenye ngazi za ulingo. Wakambandika noti kwenye paji la uso, zikashika vizuri sana kwa yale mafuta, na Mama akamvisha kanga mabegani na kumfunga fundo kifuani kama mtoto anayetoka kuoga. Refa alitazama akiwa hajui kama kuna kanuni ya jambo hilo. Mashabiki wa fundi bomba walitoka baa wakakuta mtu wao anavua glavu na bondia mgeni anaimbiwa zaburi akiwa amevaa kanga.

Mlangoni alikuwepo Mister Ron. Alimpa Mjomba mkono.

“Pambano zuri, Kib,” akasema, akitazama viatu vyake. “Zuri kweli. Nitakupigia.”

Mimi nilidhani ni sifa.

Pilau la siku ile lilipikwa kwenye sufuria ambayo tungeweza kuogea. Majirani wa ghorofa zote walikula. Jumatatu shuleni nilitangaza kwamba mjomba wangu amemwangusha mtu mwenye kimo cha mlango, na kufikia chakula cha mchana kimo kilikuwa cha basi. Nilingoja Alhamisi kwa hamu. Kwa hesabu yangu, mtu aliyeshinda angepigiwa simu na Uingereza nzima.

Alhamisi simu haikulia. Wala Ijumaa. Wiki iliyofuata Mjomba aliitoa mfukoni na kuiweka mezani, karibu na kopo la sukari, akawa anaitazama wakati anakoroga chai. Aliendelea kuamka alfajiri na kukimbia. Alirudi, akaoga, akakaa. Mluzi haukusikika. Usiku nilimsikia kwenye sofa akigeuka na kugeuka, na lile sofa lililomjua miaka yote likawa halimtoshi.

Mama alivumilia mwezi mzima, ambao kwake ni kama karne mbili.

“Si umeshinda?” akamuuliza asubuhi moja. “Mbona hawakuiti?”

Mjomba akalichovya andazi kwenye chai mpaka likakatika. “Yule kijana ameuza tiketi, dada. Watu wake wamekuja kumwona anashinda. Nikimwangusha, nani atanunua tena tiketi zake? Na Ron atanipeleka kwa kijana gani mwingine?”

“Kwa hiyo wewe hulipwa ili upigwe.”

“Hapana. Hulipwa nipigane nao vizuri, wajifunze, kila mtu arudi kwao akiwa mzima. Na mimi pia.”

Mama akakikunja kitambaa cha sahani mara nne. Mimi nikasema, kwa Kiingereza, kwamba huo ni wizi na wapigiwe polisi, nikaambiwa nikavae soksi.

“Sasa ulijua,” Mama akasema hatimaye. “Pale ulingoni. Ulijua hatakupigia.”

“Nilijua.”

“Na ukampiga.”

“Ulikuwa umesimama, dada. Ungesimama mpaka lini?”

Simu ililia wakati wa mvua, Alhamisi, tukiwa mezani. Mister Ron alikuwa na kijana mjini Hull, mzito kidogo, raundi sita, bondia aliyepangwa kupigana naye amevunjika kidole. Je, Kib yuko tayari? Mjomba akasimama kuongea, na mimi nikaona mgongo wake unanyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Mama aliinuka, akaanza kumfungia chapati kwenye karatasi. Hakuuliza kuhusu tiketi. Hakumpigia Mama Furaha, na hakwenda tena ukumbini maisha yake yote.

Jumamosi hiyo jioni, wakati ambao huko Hull walikuwa wanapanda ulingoni, nilipita karibu na chumba cha Mama nikamsikia kwenye msala. Dua zake nilizijua kwa moyo, lakini hii ilikuwa mpya. “Ya Rabbi, Kibwana ashindwe salama,” alikuwa akisema, polepole, anarudia. “Ashindwe salama, arudi nyumbani.”

Sijawahi kukasirika vile. Nilimwona ni msaliti. Nikaenda chumbani kwangu, nikapiga magoti kando ya kitanda kama walivyofanya wanakwaya wa Mama Furaha, maana niliona kesi hii inahitaji kupelekwa kila mahakama, nikaomba kwa Kiingereza kwamba mjomba wangu ashinde, ashinde Hull, ashinde kila Jumamosi, ashinde dunia nzima. Na tangu siku hiyo, kwa miaka mingi, fleti moja ya ghorofa ya nne ilipeleka mbinguni maombi mawili yanayopingana kuhusu mtu mmoja, kupitia ukuta mmoja mwembamba.

Yangu hayakujibiwa hata mara moja. Mjomba alirudi kutoka Hull Jumapili asubuhi, mdomo umevimba, ameshindwa kwa pointi, akala chapati nne na kupiga mluzi.

Siku hizi anafundisha watoto ngumi, Jumanne na Alhamisi. Mimi nilirudi shule ukubwani, masomo ya jioni, nikajifunza mengi ya maana kuhusu mwili wa binadamu, na namna kichwa kisivyosahau ngumi kilizopokea. Nimewaona mabondia wa rika lake, washindi wenye mikanda, wanaotafuta neno katikati ya sentensi na kulikosa, wanaouliza jina lako mara mbili kabla chai haijapoa. Mjomba huja kwetu Jumapili. Mikono haitetemeki. Anamtania mwanangu, anakumbuka majina ya vijana wote aliopigana nao, nani aliishia kuwa dereva, nani ana mapacha, fundi bomba alifungua duka lake wapi. Mama, mzee sasa, humkatia nyama yeye kwanza na kumtazama akitafuna. Na mimi hunyamaza, jambo ambalo wanaonijua watawaambia ni muujiza, kwa kuwa ninajua ni nani kati yetu wawili aliyekuwa akielewa anachoomba.