Hema Langu la Ushauri Nasaha

Aibu hii nimekaa nayo mwaka mzima nikiwakwepa watu wa mtaa wetu, na leo naitema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine ambao kila wakiisimulia wanaiongezea chumvi.

Mimi nina duka la steshenari Kariakoo, hatua chache kutoka Msimbazi. Natoa kopi, naprinti, na miezi mingi ya mwaka nawajazia vijana waliomaliza kidato cha nne fomu za kuomba vyuo, na nimegundua wengi wanachagua kozi kama mtu anavyoagiza soda: nipe kama ya mwenzangu. Basi nikaamua siku moja ya Jumamosi niwashauri bure, nje ya duka. Nikapanga kila kitu (mimi ni mtu wa orodha, hata nyanya naenda kununua na karatasi): hema jeupe la kuazima, viti vya plastiki kumi na viwili, na rafiki yangu Neema, ambaye ni nesi, aje azungumzie kazi za afya. Nikamsisitiza avae koti lake jeupe, vijana waione kazi yenyewe.

Kilichoniponza ni bango. Fundi aliniambia maneno yangu, "Ushauri wa kuchagua masomo, fani na kazi", hayataenea kwa herufi kubwa. "Fupisha, dada, mtu asome huku anatembea." Nikafikiri kidogo, nikatafuta maneno yenye uzito wa kiofisi, nikamwambia andika: USHAURI NASAHA KWA VIJANA. BURE. SIRI YAKO INATUNZWA. (Hilo la siri niliongeza kwa kuwa wapo wanaoona haya kutaja alama zao za mtihani.)

Naona mmeshaanza kucheka. Bongo nzima inajua kwamba ukiona hema jeupe, nesi, na maneno ushauri nasaha, hapo watu wanapima virusi vya ukimwi. Mimi peke yangu ndiye niliyesahau.

Asubuhi yote vijana walipita upande wa pili wa barabara wakitazama chini, nami nikadhani ni haya tu. Saa nne hivi wakaja wawili, kijana na mchumba wake, wameshikana mikono. Nikafurahi, nikafungua daftari.

"Karibuni. Mmelifikiria jambo hili vizuri?"

"Tumelifikiria," akasema kijana. "Hata mchungaji katuambia tusipange tarehe kabla ya kuja."

(Nikasema moyoni, mchungaji wa maana huyo.)

"Sasa wewe unapenda nini hasa?"

Akamtazama mwenzake, akatabasamu. "Nampenda huyu."

"Siyo hivyo, mdogo wangu. Matokeo yako yakoje?"

"Dada, si ndiyo tumekuja kuyajua? Damu mnatoa kidoleni au mkononi?"

Neema akaruka kutoka kitini, akatoka nje, akasoma bango, akarudi ameziba mdomo. "Shoga," akasema, "umeandika nini?"

Ningelishusha pale pale, lakini kabla sijapanda kiti, Salma akaingia analia. Yeye ndiye niliyekuwa namsubiri kuliko wote. Baba yake ni mtu wa Masasi, anauza korosho kona ya pili. Salma alishapata nafasi ya kusomea umeme wa magari, fomu ilitakiwa irudi chuoni siku ile ile kabla ya saa kumi ikiwa na saini ya mzazi, na baba alishakataa mara tatu: binti yake hatalala chini ya magari ya watu.

"Nimemwomba tena sasa hivi, kanifukuza," akasema. Neema akamkumbatia na koti lake jeupe, mbele ya kila aliyekuwa anapita.

Kariakoo habari haitembei, inapanda bodaboda. Dakika kumi hazikuisha, Baba Salma huyo, anakuja mbio, kandambili moja mkononi, na nyuma yake nusu ya mtaa. Hata Mzee Jayanti wa duka la vitambaa alimwacha mteja na kitambaa nusu kimepimwa, akatoka barazani.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Hakuitikia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mbele ya Neema.

"Nipime na mimi. Huyu ni mwanangu. Kama anavyo, anavyo. Dawa zipo, watu wanakunywa, wanaishi, wanazaa. Ila asilie peke yake kwenye mahema."

Salma akaacha kulia, akanitazama mimi, na wengine wote wakafuata macho yake.

"Baba," nikasema, "hapa hatupimi mtu. Hapa tunachagua kazi. Nimekosea bango."

"Umekosea nini?"

"Bango. Salma analilia fomu yake, ile ya umeme wa magari."

Mkono wake ulibaki umenyooka pale pale. "Umeme," akasema taratibu. "Umeme tu?"

"Umeme tu, baba," Salma akajibu.

"We mtoto!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, au machozi yalitangulia kicheko, sikuona vizuri maana na mimi nilikuwa najifuta. Kisha akanigeukia. "Marahaba, mwanangu, marahaba. Kalamu iko wapi kabla sijabadili mawazo?"

Akasaini, na mtu mmoja kutoka nyuma akapaza sauti: "Dada, majibu ya kazi yanatoka baada ya dakika ngapi?" Mtaa ukaangua kicheko, na tangu hapo jina langu ni Dada Majibu. Neema aliwapeleka wale wachumba kituo cha afya, na Salma akaifikisha fomu chuoni saa tisa na nusu.

Mimi nimeapa: sibandiki neno popote kabla ya kumuuliza mpita njia wa kwanza analielewaje. Na mkipita kona ya pili mkamkuta Baba Salma na korosho zake, msimtanie kuhusu siku ile. Nitanieni mimi.