Maji ya Tumbaku kwa Mjusi wa Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alipopata chuo Mbeya alinijia hapa Igowole na boksi la kioo, ndani yake mjusi. Si huyu wa ukutani. Ni wa kigeni, mrefu toka kiganja changu hadi kiwiko, na chini ya kidevu ana miiba kama ndevu. Wazungu aliowafanyia kazi Iringa mjini walirudi kwao wakamwachia. Hosteli hawataki mnyama. Na mimi nilisema sitaki, lakini huyo mtoto nimemlea toka mama yake afariki, na hajawahi kuniomba kitu kikubwa.

"Bibi, nikirudi likizo nimkute hivi hivi."

"Kwani mimi namla?"

Nilimlisha panzi na majani ya maboga. Taa yake ya joto niliiwasha kila umeme ulipokuwepo. Kabla ya likizo baridi ikaingia, ukungu ukawa haupandi mpaka saa nne, umeme ukawa wa kubahatisha. Mjusi akapauka. Ngozi ikaanza kubanduka vipande vipande, nyeupe kama ganda la kitunguu. Kwenye vidole na mkiani ikagoma, ikabana.

Mimi nimefuga kuku na mbuzi miaka yote. Mnyama akibanduka ngozi ana upele, na upele unaletwa na wadudu. Dawa yake niliikuta kwa mama yangu: unaloweka tumbaku, maji yakishakuwa meusi unampaka. Chawa wa kuku hawamalizi siku. Sikuuliza mtu. Nikampaka mjusi mwili mzima kwa kitambaa.

Kabla ugali haujaiva alikuwa ameachama mdomo, miguu inatetemeka, ndevu nyeusi tii. Nikamwosha kwa maji safi, nikamwosha tena, nikamweka karibu na mafiga. Ndipo nikampigia simu mwenye mjusi. Nilitaka kusema ana mafua. Nikasema ukweli.



"Bibi, tumbaku ni sumu kwake. Na hana upele. Anajivua ngozi, kama nyoka. Joto halimtoshi ndiyo maana imekwama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuandikia karatasi."

Karatasi niliiona. Kusoma nasoma polepole, na mwandiko wake una haraka. Niliiacha.

"Mkande kwa maji ya uvuguvugu kila asubuhi," akasema. "Ngozi usiivute."

Kukanda najua. Wazazi wengi wa kijiji hiki, wakishajifungua, wamepita mikononi mwangu. Nikachukua karai, maji yakamfika tumboni, kiganja nikakiweka chini ya kidevu asizame. Jirani yangu aliyekuja kuomba moto akanikuta hapo, akanisalimu.

"Kamwene, mama. Huyo kajifungua lini?"

"Jumapili. Kamletee uji."

Alicheka mpaka akaondoka bila moto. Mimi sikuwa na cha kucheka, mjusi alikuwa na siku tatu hajala.

Siku ya nne alimeza panzi. Ngozi ikalainika, ikaachia mkiani, kisha vidoleni, isipokuwa kidole kimoja cha mguu wa nyuma. Hicho ilikuwa imekifunga kama uzi. Kikawa cheusi, kikakauka, asubuhi moja nikakikuta kinaelea kwenye karai.

Likizo ilipofika mjukuu aliingia hata koti hajavua. Akamtoa mjusi, akamgeuza, akahesabu vidole.

"Kimoja hakipo."

"Hakipo. Badala ya kumkanda mapema nilihangaika na tumbaku. Kama huniamini tena, mchukue, mtafutie mtu mwingine."

Akachukua karai. Siku zile zote alimkanda mwenyewe. Nilimwambia mara moja tu kwamba maji yake ni ya moto mno, akaongeza ya baridi.

Siku ya kuondoka nilikaa nje nichambue maharage, nisimwone akimbeba. Akatoka na begi lake moja begani.

"Bibi, panzi wakiadimika mpe mende. Wawe wadogo."

"Mende nyumbani kwangu hakuna," nikamwambia.

"Watafute," akasema, akaenda stendi.