Jina Ambalo Wanja Hakulitaja

Nakumbuka sauti kwanza: mtu akitapika nyuma ya nyumba yetu, alfajiri, kabla filimbi ya kazi haijalia. Mama alikuwa akikoroga uji. Mkono wake ukasimama. Akatazama kitanda nilicholala na dada yangu Wanja, akaona niko peke yangu.

Mwanangu, miaka ile ya Dharura, serikali ya wakoloni ilipopigana na vijana waliojificha msituni, sisi watu wa Kanja tulikuwa tumeondolewa mashambani na kubanwa katika kijiji kimoja, mtaro ukikizunguka. Nyumba zilikaribiana hata jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani. Tumbo la msichana lingejificha wapi? Haukupita muda, wanawake waliokuwa wakichimba mtaro wakaanza. "Wanja, ni jembe limekuwa zito au ni wewe?" Wakacheka, naye akacheka nao kidogo.

Mimi nilimjua baba wa mtoto, kwa kuwa wawili wakilala kitanda kimoja hawafichani mengi. Alikuwa Njeru. Wazazi wake walikuwa wamewaambia homugadi, wale walinzi wa serikali, kwamba kijana wao yuko Nanyuki akifanya kazi. Kumbe yuko msituni na wapiganaji, na mara mojamoja alishuka. Jina lake likitajwa, ingejulikana hayuko Nanyuki, na wazazi wake wangefungwa.

Basi jioni moja akaja Mzee Nyaga, mzee wa kanisa. Kwetu mtoto wa kwanza huchukua jina upande wa baba yake: mvulana huitwa jina la babu, msichana la nyanya. Kwa hiyo swali la mzee lilikuwa fupi.

"Binti yangu, huyu mtoto atamwita nani babu? Taja mwanamume, utubu mbele ya watu, urudi kwenye meza ya Bwana. Ukikataa, utakaa kiti cha nyuma, cha waliotengwa."

Mama alikuwa ameshapata njia. "Sema ni marehemu Kariuki," akamnong'oneza Wanja, ingawa sote tulisikia. "Alikufa kwa homa, hakuacha mke. Nani atamwuliza?"

"Na mama yake, je?" Wanja akasema. "Nimpelekee mjukuu ambaye si wake, amlilie mwanawe juu ya mtoto wa mwingine?"

"Basi sema kweli," akasema Mzee Nyaga.

"Dhambi ni yangu, mzee, na nimeshamwambia Mungu. Hata kanisani nitasimama niseme nilikosa. Lakini hilo jina nikilitoa, kuna nyumba itachomwa. Nipe hicho kiti."

Akapewa. Alikikalia wasichana wa rika lake wakipita kwenda mbele, wengine wakivuta nguo zao wasimguse. Alizaa mvulana, akampa jina la baba yetu, kama afanyavyo asiyeolewa. Njeru hakurudi. Dharura ilipokwisha, ndipo Wanja alipombeba mtoto hadi kwa wazazi wa Njeru na kuwaambia ni wa nani. Nyanya yake alimvua kofia, akamtazama masikio, akaona ni yale ya Njeru, akakaa chini.

Mwanangu, ukianguka, usione haya kumwambia Mungu, wala usitafute uongo wa kukurudisha kiti cha mbele. Kuna uongo unaomwibia mtu mwingine, hata kama aliyetajwa amekufa. Na kuna kweli ambayo si yako peke yako. Kabla hujaitoa, angalia itamwangukia nani. Aibu iliyo yako ibebe mwenyewe. Ni nzito, sikudanganyi, nilimwona dada yangu akiibeba. Mungu aliyemwona Hajiri jangwani, na mimba yake, na akuone nawe popote utakapoketishwa, na siku yako ya kuzaa ikifika akupe mtoto mzima na moyo usioogopa.

Jioni ile, Wanja alipomaliza kusema, Mzee Nyaga aliinuka. Alichukua fimbo yake. Alipofika mlangoni akageuka, akamwambia Mama, "Usimnyime uji huyu. Mtoto asizaliwe mwembamba." Kisha akatoka, na Mama akafunga mlango nyuma yake.