Siti Iliyofika Mbavuni

Jengo letu la Mchafukoge lina ngazi hamsini na nne kutoka mlango wangu hadi barabarani, na mume wangu alizishuka na baiskeli yake kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa karani wa ghala la mbao Buguruni. Saa kumi na moja na robo anaitoa koridoni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye siti, gurudumu la nyuma linagonga ngazi moja moja: du, du, du. Majirani walilalamika miaka miwili ya mwanzo. Baadaye wakaanza kumtumia kama saa.

Alifariki kwa moyo, hospitalini, mchana, kifo kisichohusiana kabisa na baiskeli. Nilikaa eda. Nilipotoka, jambo la kwanza nililofanya ni kuiuza. Ilikuwa ile nyeusi ya chuma, kubwa, ya mtu mrefu kama yeye. Mnunuzi alitoka Mbagala akiwa amejipangia elfu sabini, akaondoka bila elfu tisini na tano na bado akanishukuru. Nilijisifu siku tatu nzima.

Siku ya nne, saa kumi na moja na robo alfajiri, nikasikia gurudumu linashuka ngazi.

Sikuogopa pale pale. Nauza vifungo na zipu Kariakoo. Kitu nakikagua kwanza ndipo nakiamini. Nikasema ni tangi la maji la juu ya paa. Nikasema panya. Lakini nilihesabu, zikawa hamsini na nne. Kesho yake nikahesabu tena: hamsini na nne. Panya gani huyo anayejua hesabu? Siku ya tatu nikafungua mlango. Koridoni hapakuwa na mtu, na sauti ilikuwa imeshafika ghorofa ya kwanza, inashuka taratibu, kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuwaamsha wenzake. Dada yangu akashauri dua. Dua ikasomwa, vitumbua vikaliwa, shehe akaaga, na alfajiri yake mume wangu akashuka kwenda kazini kama kawaida.

Ikawa hivyo miezi saba. Nilifika mahali pa kuamka saa kumi na moja kamili ili nimsubiri, halafu mchana nasinzia juu ya meza ya duka. Siku nilipompimia mteja zipu mita moja badala ya mbili, na mteja mwenyewe akawa mkali kuliko mimi, nikaamua. Nitanunua baiskeli yangu, nitaishusha mwenyewe saa ile ile. Sauti ile ikipata mwenyewe aliye hai, huenda huyu mwingine atapumzika, na mimi nitalala.

Kuendesha najua. Yeye ndiye aliyenifundisha, nikiwa nimeshavuka thelathini, Jumapili asubuhi mitaa ikiwa tupu. Alikuwa anakimbia nyuma yangu ameshika siti, akiniachia bila kuniambia.

Kuchagua ndiko kulikokuwa kazi yake. Mimi siku zote nilikuwa wa bei. Yeye ananyoosha kidole, mimi napambana. Sasa ilibidi niwe wote wawili. Nikazunguka siku mbili, nikiuliza tu, bila kununua. Za mashindano zina tairi jembamba kama mkanda wa sketi. Shimo moja la Mtaa wa Msimbazi, umekwisha. Za milimani zina tairi la trekta na uzito wa mlango, nami nina ngazi za kupanda. Ya katikati ndiyo inayoitwa haibridi: tairi la wastani, fremu nyepesi, usukani ulionyooka unaokukalisha wima uone bodaboda anayekuja kukumaliza. Hiyo ndiyo niliitaka.

Siku ya tatu nikarudi kwa kijana mmoja mwenye lafudhi ya Kusini, anayepanga baiskeli za mtumba nje ya duka la mabomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ile ya kijivu shilingi ngapi?"

"Ile laki nne na nusu. Haibridi ile, mama. Imetoka Ulaya."

"Ulaya walikuwa wanaitupa."

"Mama jamani! Hata salamu haijapoa."

Nikatoa sumaku ninayookotea pini dukani, nikaigusisha kwenye fremu. Haikushika. Alumini kweli. Nikazungusha gurudumu, nikabana breki, nikapandisha gia na kuzishusha.

"Inyanyue siti," nikamwambia.

"Mpaka wapi?"

"Hapa." Nikamwonyesha kwa kiganja, chini kidogo ya titi, mbavuni.

Akautazama mkono wangu, akanitazama na mimi. "Mama, baiskeli ni ya nani?"

"Yangu."

"Hii haifiki huko. Labda ile ya bluu, fremu kubwa." Akaivuta kutoka nyuma, akainua siti, ikafika pale pale nilipotaka. Moyo wangu ukatulia kama umeona mtu unayemfahamu. "Panda basi ujaribu kidogo hapo mbele."

"Nitajaribu. Kwanza njoo uhesabu hizi spoku."

"Za nini tena?"

"Gurudumu la mbele thelathini na sita. La nyuma thelathini na tano."

"Umehesabu zote?"

"Mara mbili."

Akachuchumaa akahesabu kwa kidole, midomo ikitembea. Jirani yake, mwuza mipira ya ndani ya tairi, akawa anacheka. "Leo umepatikana, mwanangu! Huyo mama atakuhesabu na meno!" Kijana akasimama kichwa chini, na mimi nikaingia hapo hapo kwenye ufa. Laki nne. Laki tatu na sabini. Spoku moja, mwanangu, na safari yangu ni ndefu. Alipotamka laki tatu na ishirini na spoku mpya juu yake, nililipa haraka kabla akili haijamrudia. Spoku ilipokaa, nikaikokota mbio mbio kutoka pale. Sikuipanda. Mtu akishapata bei ile haanzi kuchelewa chelewa.

Ilikuwa nyepesi kweli. Niliipandisha ngazi zote hamsini na nne bila kupumzika, nikaiegesha koridoni kwenye ukuta wenye alama nyeusi ya usukani wa ile ya zamani. Usukani wa hii ukaangukia juu ya alama ile ile.

Alfajiri nikaamka saa kumi na moja, nikasubiri. Adhana ikaisha. Robo ikapita, nusu ikapita. Hakuna kitu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi saba. Nilikuwa nimekipata nilichokwenda kukinunua, tena kwa punguzo, na sikuweza kufumba jicho. Kimya kile kilikuwa cha mtu aliyesimama koridoni, upande wa pili wa mlango wangu, akiiangalia baiskeli.

Kulipokucha nikaishusha. Mwuza kahawa wa mlangoni, mzee aliyemjua mume wangu miaka yote, alikuwa anapuliza mkaa wake. Nikatupa mguu, haukuvuka. Nikaegemea ukuta nikajisukuma juu, vidole vya miguu vikabaki hewani, nikashuka kwa goti.

"Mama, unapanda baiskeli au unapanda mnazi?"

"Siti iko juu, nitaishusha."

"Hata ukiishusha." Aliacha kupuliza. "Fremu hiyo si yako. Hiyo ya marehemu."

Nikasimama kando yake. Siti ilinigusa mbavuni, pale pale siti ya ile nyeusi iliponigusa kila nilipopita koridoni na beseni au mfuko wa sokoni, miaka ishirini na miwili. Mbavu ndizo zilizochagua. Nilikuwa nimekwenda kujinunulia baiskeli nikamnunulia yeye.

Nikairudisha juu, na ikakaa siku mbili zaidi. Niseme kweli, nilifikiria kuiacha. Laki tatu na ishirini kwa kunyamazisha mzimu, waganga wanatoza zaidi. Lakini alfajiri zote mbili kilikuwa kimya kile kile, na mimi macho wazi. Alikuwa amerudi nyumbani na hatoki tena. Na mimi, nikimsikiliza yeye kutokutoka, sikuwa natoka pia. Duka nililifungua saa nne, siku ya pili saa sita.

Siku ya nne nikaikokota hadi Kariakoo.

"Mama, mali ikishatoka haibadilishwi," kijana akaniwahi kabla sijafika.

"Najua."

"Si nilikuambia ujaribu? Nikakuuliza ya nani, ukasema yako."

"Nilikosea. Ya mume wangu."

"Ameikataa? Rangi?"

"Ameshafariki."

Kijana akaipokea ile ya bluu kwa mikono miwili, akaiweka nyuma kabisa. Akaleta ya kijani, ndogo kuliko zote, akashusha siti mpaka kwenye nyonga yangu. "Leo unapanda," akasema. Nikapanda. Kisigino kikagusa lami. Akashika siti kwa nyuma, tukaenda hivyo katikati ya mikokoteni na watu wanaopiga kelele tuwapishe, na alipoiachia aliniambia, "Naachia, mama," nami nikamshukuru kwa kuniambia. Nikaiendesha hadi kona na kurudi. Mzigo wa vitenge ukanikosa kwa inchi.

Ya kijani ilikuwa bei ya chini, lakini hakutaja chochote na mimi sikuomba chenji. Juu yake nikamwongezea elfu ishirini ya usumbufu. Akakataa. Nikamsukumia mfukoni, akanirudishia kumi. Mwuza mipira akasema hajawahi kuona watu wawili Kariakoo wanagombea hasara.

Kesho yake, saa kumi na moja na robo, nikafungua mlango nikaitoa. Mkono kwenye usukani, mkono kwenye siti. Du. Du. Du. Nilikuwa nahesabu. Kwenye ngazi ya ishirini na tisa, kiwiko kikauma, nikasimama kubadilisha mkono. Gurudumu langu likasimama.

Juu yangu, ngazi ya ishirini na tano, gurudumu jingine likagonga. Halafu ya ishirini na sita.

Ngazi zetu ni nyembamba, watu wawili wenye mizigo hawapishani. Nikaibana baiskeli ukutani, nikajibana na mimi, nikarudisha miguu. Ilipita. Sikuona kitu, wala hapakuwa na upepo wala baridi wanayosema watu. Ilikuwa sauti tu, kwa mwendo ule ule wa kutowaamsha wenzake, ikanipita usawa wa mbavu ikaendelea kushuka. Nikaisikiliza mpaka geti la chini.

"Haya," nikasema, kama nilivyokuwa namwambia nikiwa nusu usingizini. Nikashuka na yangu.

Nje kulikuwa bado giza jepesi, mwuza kahawa hajafika. Nikakaa kwenye siti, miguu yote miwili chini. Kwenda Buguruni ni kushoto. Nikangoja kidogo, kumpa nafasi afike mbali, kisha nikakunja kulia, kuelekea Kivukoni.