Betri Chini ya Kitambaa cha Mama

Marehemu baba alikuwa polisi wa taa. Nyumbani kwetu Tengeru, ukiacha balbu inawaka kwenye chumba kisicho na mtu, uliitwa hata kama umeshafika getini, urudi uizime kwa mkono wako mwenyewe. Sijui basi nilikuwaje mtoto wake halafu nikamiliki laptopu inayokunywa umeme kuliko mashine ya kusaga.

Alipoona ugonjwa hautamruhusu kufika kwenye sendofu ya mdogo wangu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, baba alivaa koti, akaketi mbele ya laptopu hiyo na kurekodi maneno ya kumuaga binti yake. Mama hakutaka kuyasikia kabla ya siku yenyewe. Nilipopendekeza tuyahamishie kwenye simu, alinikatiza.

"Baba yenu hajawahi kuongea na wageni kwa simu. Hataanza sasa."

Ikabaki laptopu, na shida ikawa betri. Nikichomoa waya ilizimika kabla chai haijapoa. Mdogo wangu huyo huyo, bibi harusi mwenyewe, ambaye kazi yake ni kompyuta, alikuja kwangu Moshono akaitazama kama daktari wa mifugo anavyomtazama ng'ombe aliyelala. Akasema betri haina ubaya. Kinachoimaliza ni mfumo endeshi wangu, unaojisasisha bila kuulizwa, unaopekua mafaili na kuamsha programu ambazo sikuziita. Alitaka kuniwekea mwingine, mwepesi, wa bure.

"Mimi sibadili dhehebu kwa sababu ya betri," nilimwambia.

"Basi baba atakatikia katikati ya sentensi, kaka."

Hilo liliniuma. Nikakubali huku nimenuna. Na siku ya kwanza mfumo huo mpya ukamaliza chaji haraka kuliko ule wa zamani. Nilifurahi, nisidanganye. Nilimpigia simu kumpa habari hizo mbaya kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

"Mfumo si dawa ya mganga," alisema. "Na wenyewe unapangwa."

Kumbe kadi ya picha, ile inayochora vitu kwenye kioo, ilikuwa inahangaika muda wote bila kazi, na mipangilio ya umeme ilikuwa kwenye nguvu zote. Alirudi, akarekebisha, na tangu hapo laptopu ikaweza kuvumilia ibada nzima bila waya, pamoja na matangazo. Sikumpongeza.

Sendofu ilifanyika nyumbani Tengeru, mchana. Asubuhi niliweka laptopu mezani sebuleni, waya ukiwa ukutani. Ili wazee waone vizuri nilipandisha mwanga wa kioo hadi mwisho, na nikauamuru mfumo usilale hata kidogo. Kisha nikaenda nje kupanga viti. Umeme ulikatika nikiwa huko huko, wala sikujua.

Niliporudi na wakwe nyuma yangu, laptopu sikuiona. Mama alikuwa ameifunika. Kwetu mgeni akija kila kitu huvalishwa kitambaa cha kufuma: redio, televisheni, chupa ya chai, hata mgongo wa kochi. Na kwa heshima ya mumewe, laptopu ilikuwa imevalishwa viwili, kile cheupe cha Krismasi kikiwa juu, kimetandazwa kuanzia kwenye kioo hadi mezani kama chandarua.

Nikafunua. Feni inavuma, joto la kuangua mayai, alama ya chaji nyekundu.

"Si nilisema mimi kuhusu huu mfumo wako?" nikafoka, mbele ya wakwe wote.

Mdogo wangu akatoka chumbani na gauni lake la sendofu, akapiga magoti mbele ya meza.

"Kaka, mfumo gani utavumilia kufunikwa kama chapati?"

Wakwe wakacheka, na mimi nikatafuta pa kuangalia. Yeye akazima intaneti, akazima bluetooth, akazima taa za kibodi na kufunga kila programu niliyoiacha wazi. Mwishowe akashusha mwanga wa kioo mpaka sebule nzima ikawa inatazama giza.

"Hatuoni kitu," akasema mzee mmoja wa upande wa pili.

"Sikilizeni tu," mama akamjibu.

Mdogo wangu akabonyeza rekodi, na baba akakohoa. Nilisahau kwamba alikuwa anakohoa namna ile.

"Mwanangu," akaanza, "kabla sijasema neno. Nani kaacha taa ya barazani inawaka mchana huu?"

"Nimezima, baba," mama akajibu palepale.

Kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Mdogo wangu alikuwa bado amepiga magoti, akilia bila sauti na poda yake yote, na baba akaendelea kumuaga taratibu, bila kukatika, hadi amina.

Chaji ilikuwa imebaki kidogo. Nikabaki nimekikodolea macho kile kioo chenye giza, nikitumaini kwamba ana la kuongeza. Mama akaokota kitambaa cha Krismasi, akakikunja mapajani.

"Izime basi," akaniambia. "Unangoja akuite?"