Kioo cha Daktari wa Meno

Mama akitia karafuu kwenye pilau hapa Riyadh, harufu hunirudisha Jeddah, kwenye kiti cha daktari wa meno, nikiwa mdogo na shavu limevimba kama andazi. Shuleni walishaamua kuwa Mkenya lazima awe mkimbiaji, nami nilikuwa nimeshika mkia tena. Niliamini nisipokimbia sina kazi nyingine duniani.

Daktari alitoka visiwa vya Tonga, mwili kama kabati.

"Daktari, kwenu si ni raga na nyimbo tu?"

"Mpira hunipita. Nikiimba, meno yanang'oka yenyewe. Na wewe Mkenya, mbio vipi?"

"Nakimbia sindano tu."

Alicheka mpaka taa ikatikisika. Kisha akanipa kile kioo kidogo chenye mpini, akainama, akaachama.

"Haya, nikague."

Mle ndani mlikuwa na joto na wekundu, kama pango lililolala. Nyuma kabisa nikaona doa jeusi.

"Jino hili limetoboka."

Akachukua kioo, akajitazama. "Kweli, daktari mwenzangu."

Sasa pilau imeiva.

"Mama, hebu achama."

"Tena? Pakua kwanza, daktari."