Sufuria Iliyotoka Kaburini

Nilipokuwa mtoto, kwetu Chiungutwa, mwanamke akifa sufuria yake ilimfuata. Iliwekwa juu ya kaburi pamoja na sahani na kikombe chake, na kwanza vilitobolewa kwa ncha ya panga ili kila mtu ajue si vya kupikia tena. Bibi alisema ukichukua kitu cha kaburini, mwenyewe atakifuata mpaka kwako. Mimi makaburini nilipita mbio, sigeuki, hata nikiitwa sigeuki.

Sasa mjomba wangu Hamisi, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa fundi wa bangili. Aliyeyusha sufuria mbovu, mabomba ya shaba, kufuli zilizokufa, akamimina kwenye mchanga wenye unyevu, akagonga, akasugua kwa majivu mpaka zikang'aa. Jiko lake lilikula maganda ya korosho, na moshi wake ulitutoa machozi bila kufiwa. Msimu wa unyago kila mzazi alimtaka Hamisi, maana mwali hatolewi bila bangili.

Siku hiyo mnunuzi wa vyuma chakavu alimwaga gunia uani. Bibi akaokota sufuria moja, akaigeuza juani.

"Hamisi, hii irudishe."

"Mama, chakavu zote zimetoboka. Ingekuwa nzima wangeiuza?"

"Hili si tundu la moto. Hili la panga. Tazama lilivyotokeza nje."

"Basi mwenyewe akija nitampa chai."

Mnunuzi akacheka mpaka akashika mbavu. Bibi hakucheka, aliingia ndani akafunga mlango. Mjomba alikuwa na haraka, Baba Sharifa jirani yetu amemwagiza bangili za binti yake na sherehe imekaribia, akaikata sufuria katikati, nusu akaitia motoni, nusu akaitupa pembeni ya jiko.

Sharifa alitoka unyagoni, akapendeza, tulikula pilau. Kesho yake mchana baba yake akamleta kutushukuru, bangili zinalia mkononi.

"Hamisi bwana, umeniheshimisha! Shemeji zangu hawana la kusema."

Akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu, na hapo macho yake yakaangukia ile nusu iliyobaki. Mkono wa sufuria ulikuwa umefungwa kwa spoku ya baiskeli. Baba Sharifa aliufunga mwenyewe, mama yake mzazi alipokuwa hai akiipikia.

"Hii umeitoa wapi?"

Mjomba akamwambia, kwa mnunuzi.

"Nusu yake iko wapi?"

Mjomba akamtazama Sharifa mkononi. Kutazama huko kulitosha.

Baba Sharifa alimkamata mtoto wake, akazivuta zile bangili zikatoka na ngozi. Sharifa akapiga ukelele, ukelele ukaleta watu. "Mwizi wa makaburi! Mchawi! Amemvisha mwali vya maiti!" Wanaume waliolamba vidole pamoja na Mjomba jana walikuja na mipini ya majembe, wakampiga mgongoni, wakampiga mdomoni alipojaribu kusema, wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya kipande cha chuma alichogongea bangili. Nyundo aliishika Baba Sharifa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Mfupa ukivunjika unalia kama muhogo mkavu, na mpaka leo siwezi kusikia mtu anavunja muhogo. Kisha mmoja akasema, "Tumchome," wakaanza kummwagia maganda ya korosho miguuni.

Ndipo Bibi alipotoka. Akavua kitambaa cha kichwa, akashika fundo la kanga kiunoni.

"Mchomeni. Lakini kwanza niivue hii, muone mlikopitia kuja duniani, halafu nendeni mkalale tuone nani ataamka."

Hakupaza sauti. Mzee mzima, mama wa watu, anataka kuwavulia! Wakageuza nyuso, mipini ikaanguka, wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana.

Mjomba alipona, lakini vidole havikukunjuka tena. Kazi alinifundisha kwa mdomo, yeye anasema, mimi namimina. Leo hapa Masasi natengeneza hereni na bangili za makopo na waya, mwanangu mgongoni, na watu wakipaza sauti nje, hata kama ni mpira tu, namshika mtoto kwanza ndipo nachungulia.

Juzi nilikutana na Baba Sharifa sokoni. Amezeeka. Nilitaka kugeuza njia, lakini adabu ni adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye mjukuu wangu? Hebu mlete."

Nikampa. Jamani, nikampa, ningekataaje mbele za watu? Akampakata, akamfuta mate kwa kidole gumba, taratibu, akamwimbia kile kiwimbo cha Kimakua ambacho bibi zetu wote walituimbia, na mtoto akacheka, akamshika ndevu. Mimi nilikuwa natazama mikono yake tu. Miaka yote nilidhani mwenye sufuria aliyetajwa na Bibi ni marehemu, nikawa naogopa makaburi. Kumbe aliyekuja alikuwa mtu wa kututania kila asubuhi, mtu mwema, nasema kweli, mwema hata leo.

"Ana nguvu huyu," akasema, akanirudishia.

Nikamfunga mgongoni, nikavuta kanga mpaka ikaniuma, nikamwambia asante, baba.